Daftari ya Wafu ya Chibwesha

Lubumbashi, Katuba, tarehe 4 ya mwezi wa tatu 2024

Kwa Baba Secrétaire wa Parokia ya Chibwesha, territoire ya Sakania

Baba,

Jambo sana. Hamunijue. Jina yangu ni Germaine, niko fundi wa kushona hapa Katuba. Bazazi bangu balitoka Manono kufuata kazi ya reli, na sisi batoto bote tulizaliwa hapa. Ninawaandikia juu ya mufu.

Bwana yangu aliitwa Mulenga Sylvain. Alikuwa déclarant kule Kasumbalesa, kazi ya kupitisha mizigo ya bantu ku douane. Mu mwezi wa kwanza 2016 aliniaga, akasema anaenda Sakania siku tatu. Majuma kumi ikapita. Siku moja tuko tunakula bukari saa sita, radio ikasoma communiqué: familia Mulenga inatangaza kifo ya mutoto wao Sylvain, alikufa na kipindupindu pale Chibwesha, alizikwa palepale juu ya ugonjwa, kilio iko kwa bibi yake Katuba. Njo vile nilijua niko mujane. Tonge ilikuwa mu mukono.

Tulilia bila maiti. Ndugu zake balikuya, balininyoa, balinikalisha chini siku nane, kisha balibeba kitanda, balibeba na pazia. Nilivaa nguo nyeusi mwaka muzima. Ile iliisha, siiongeleake tena.

Sasa niko na muntu, anaitwa Stanislas, soudeur wa kuunga vyuma, bibi yake alikufa sasa ni miaka ine hivi. Tunataka kufunga ndoa ku kanisa, siku ya posho, Jumamosi tarehe 14 ya mwezi wa kenda. Abbé wetu, padri wa huku, akasema radio si karatasi. Anataka extrait, nakala ya daftari ya wafu ya parokia kwenye bwana yangu alizikwa, pamoja na cachet, muhuri yao. Bila ile, hakuna ndoa. Mwaka jana nilienda ku état civil kule Sakania, biro ya serikali. Banasema bantu ba mu pori banazikana bila kuandikisha, daftari iko kwa misheni tu.

Basi Baba, mufungue daftari ya 2016, mutafute jina yake. Kwenu ni kazi ya dakika kumi. Kwangu njo maisha.

Banasema simu haifikake kwenu, muntu anapanda juu ya kichuguu kutafuta réseau na anashuka bule. Ninamupa barua Exaucée, anauzaka samaki ya kukauka na anapitaka kwenu kila mwezi. Mumupe jibu yenu.

Ni mimi,
Germaine

---

Misheni ya Chibwesha, 2 Aprili 2024

Bibi Germaine,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako imenifikia mikononi mwa Exaucée, na imenigusa sana. Mimi ni Constantin Musonda, nashika daftari za parokia hii tangu mwaka 1991: ubatizo, ndoa na wafu. Mapadri wanakuja na kuondoka, mimi nabaki na kalamu.

Nisikufiche, binti yangu, kazi unayoniomba si nyepesi. Daftari ya wafu imeliwa na mchwa. Mwaka ule wa kipindupindu watu walizikwa haraka, wengine bila sala, na wenye kuzika hawakuja kuniambia majina. Nimepitia kurasa za Januari hadi Machi, sijamwona mtu huyo. Simjui, wala sijasikia habari zake. Haimaanishi kwamba hakufa. Inamaanisha tu kwamba sikumwandika.

Pengine Abbé wako akikuona unasali na kuvumilia atalainika. Wafu nao tuwaache walale. Mvumilivu hula mbivu.

Umsalimie Élie, asome kwa bidii.

Wako katika Kristo,
Constantin Musonda, katibu

---

Lubumbashi, tarehe 20 ya mwezi wa ine 2024

Baba Constantin,

Aksanti kwa jibu. Mbivu mimi sijaikula, na niko navumilia tangu miaka munane.

Abbé hakulainika. Alisema tarehe 15 ya mwezi wa munane njo mwisho ya kuleta karatasi, ao ndoa inasogea mwaka ujao. Stanislas alishanunua suti. Mama yangu iko na miaka makumi saba na tisa, na kila asubui ananiuliza kama nilisha kupata. Ninaishi na muntu bila ndoa, ku misa bantu banaenda kukomunika, mimi ninabaki pa banc ninaangalia viatu vyangu. Mutafute tena, Baba. Mupite miezi yote.

Na kitu moja. Mulinisalimia Élie. Ni kweli, niko na mutoto mwanaume, anaitwa Élie, iko na miaka kumi na tano. Lakini ile jina sikuiandika mu barua yangu. Nilifikiri ni Exaucée aliwaambia. Nimemuuliza, anasema yeye hajawahi kuongea na ninyi kitu ingine zaidi ya samaki.

Ninangoja.
Germaine

---

Misheni ya Chibwesha, 28 Mei 2024

Bibi Germaine,

Bwana asifiwe, nimempata. Alikuwa amefichwa na kurasa mbili zilizogandamana kwa unyevu wa mvua. Nimenakili kwa mkono wangu na kupiga muhuri wa parokia. Extrait yenyewe iko ndani ya bahasha, lakini nakuandikia maneno yake hapa pia, isije ikapotea njiani:

«Namba 47. Mulenga Sylvain, mkristo wa parokia hii, umri miaka 61, aliangukiwa na mti akipasua mbao, alipokea mafuta matakatifu, akafa tarehe 9 Juni 2016, akazikwa kesho yake makaburini Chibwesha.»

Mpe Abbé wako karatasi hii. Usiongeze neno wala usipunguze. Funga ndoa yako, uishi kwa amani, na usirudi tena nyuma. Jina la mtoto wako nadhani lilinijia tu, Élie ni jina la kawaida.

Constantin Musonda

---

Lubumbashi, tarehe 11 ya mwezi wa sita 2024

Baba Constantin,

Karatasi ilifika. Cachet iko muzuri. Nilimusomea Stanislas, tukaanza kucheka, kisha kicheko ikaisha.

Bwana yangu alikuwa na miaka makumi tatu na ine. Munamupa makumi sita na moja. Radio ilisema kipindupindu, ninyi munasema muti. Radio ilitangaza mu mwezi wa tatu, ninyi munaandika alikufa mu mwezi wa sita. Tulimulilia miezi tatu mbele ya siku yake. Alikuwa anangoja nini, ruhusa? Na Sylvain hakupasua mbao hata siku moja. Nyundo ya kupiga musumari alikuwa anamuitia jirani.

Baba, munisamehe, lakini hamujue kusema bongo, uwongo hauwatoke muzuri. Muntu anashika daftari miaka makumi tatu, mukono wake unakataa. Ninaona vile mulifanya. Ile maandiko ni ya kweli, ni ya muntu mwingine, mulibadirisha mwaka tu. Mengine yote mulinakili vile iko, juu mulizoea kuheshimia wafu. Ningeweza kumupa Abbé hivyo hivyo, macho yake haione muzuri. Lakini mimi ninaona.

Siulize ya karatasi tena. Ninauliza neno moja. Sylvain wangu iko mufu ao iko muzima?

Germaine

---

Misheni ya Chibwesha, 30 Juni 2024

Mke wa mpwa wangu,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo, nami nimechoka. Yuko hai. Nyumba yake iko nyuma ya kanisa, mahali ninapoandikia naona bati lake.

Mimi ni mjomba wake, mdogo wa mama yake. Ulipoolewa huko Lubumbashi sikuja, ndiyo maana hukunijua. Yule Namba 47 ni kaka yangu mkubwa, Mulenga Sylvain wa kwanza. Mti ulimwangukia mwaka 2006. Kwetu mtu akifa jina lake halibaki chini. Ukoo unakaa, tunachagua mmoja wa tumbo la mama yake, anakunywa maji mbele ya watu wote na kupewa jina la marehemu. Tunaita kupyana. Mpwa wangu alikuwa amebatizwa Mardochée, siku ile akanywa maji ya kaka yangu, akawa Mulenga Sylvain mpaka kwenye karatasi za serikali. Wewe ulimkuta tayari na jina hilo.

Mwaka 2016 alikuja huku kwa msichana mmoja, Edith, aliyekuwa na mimba yake. Alikaa kitandani siku tatu, ameelekea ukuta. Alisema hana midomo ya kukuambia. Aliona kufa ni rahisi kuliko kusema. Dada yake Plamedie ndiye aliyepeleka communiqué radioni. Mimi nilijua, nikanyamaza. Mwaka 2018 niliandika ndoa yake na Edith katika daftari hii hii, kwa jina Mardochée, kijana asiyeoa. Watoto wao ni watatu. Padri akijua, ndoa ya Edith si kitu, na mimi nafukuzwa baada ya miaka thelathini na mitatu.

Ulipofanya kilio, Mama Élie, je, kuna mtu aliyekunywa maji? Hakuna. Ungekuwa wa kwetu ungejua siku ile ile. Mtu hai hapyanwi. Ukimpa mwingine jina lake, yeye anabaki hana mahali pa kusimama, ni kama umemzika akiwa macho wazi. Plamedie na wenzake walikunyoa nywele, lakini hilo hawakuthubutu.

Nakuomba. Nitaandika extrait nyingine, miaka thelathini na minne, Machi, kipindupindu. Muhuri ni wa kweli. Wewe utafunga ndoa, Edith atabaki na yake, na sote tutaishi. Barua ndogo ya mpwa wangu iko ndani ya hii.

Constantin

---

(Kikaratasi ndani ya bahasha, bila tarehe)

Germaine,

Ni mimi. Mujomba anasema ulikuwa na akili siku zote, na mimi ninajua. Usinitafute. Kamata karatasi yenye atakuandikia, uolewe, Stanislas banasema ni muntu muzuri. Élie alishazoea kukosa baba, musimuchafue kichwa. Mimi nilishazoea kuwa mufu. Niko ninaimbisha kwaya huku.

Unisamehe kama unaweza.

Mwenye unamujua

---

Lubumbashi, tarehe 12 ya mwezi wa saba 2024

Baba Constantin,

Kwa Sylvain sitajibu, nani anaandikiaka mufu? Ninajibu kwenu.

Kikaratasi inasema mutoto alizoea. Ninawaambia vile alizoea. Kila tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya marehemu bote, benzake banaenda ku makaburi na jembe, banapalia kaburi ya bazazi babo. Élie hana kaburi ya kupalia. Anaenda na bougie yake moja, anaiweka chini ya musalaba mukubwa wa makaburi, pale kwenye bantu bote banaweka juu ya bafu bao ba mbali. Miaka munane. Mwaka ulipita mvua ilizima bougie, akabaki pale anaiwasha na anaiwasha, anakataa kurudi ku nyumba. Na baba yake iko naimbisha kwaya.

Munanipa bongo ya pili ili nifunike ya kwanza. Baba, nilifunga kitambaa nyeusi mwaka muzima juu ya bongo yenu. Nyeupe sitaifunga juu ya bongo.

Sasa musikilize. Siku ya Mungu, tarehe 4 ya mwezi wa munane, mu kiwanja yangu, ukoo wa Mulenga wenye kuwa hapa Lubumbashi utakaa. Nilishaenda kuona bazee babili ba kwenu ba huku Katuba. Hawajue kitu, balishangaa tu kwa nini ile jina iliachwa miaka yote ile, balisema ni haya kubwa. Mwenye kukunywa maji ni Plamedie, dada yake wa tumbo moja, yeye njo alipeleka kifo ku radio. Na mimi nilienda ku radio ile ile. Juma yote itasomwa: «Familia inaita ndugu bote kwa kupyana ya marehemu Mulenga Sylvain, alikufa Chibwesha mu mwaka 2016.»

Kama ni mufu, mumupyane. Kama ni muzima, akuye mbele ya ile siku, asimame mbele ya Élie na mbele ya Abbé, aseme. Njia ya tatu haiko.

Ninajua Abbé akisikia iko muzima, ndoa yangu imekufa. Musifikiri sijahesabia ile.

Germaine

---

Misheni ya Chibwesha, 26 Julai 2024

Mama Élie,

Tumesikia. Radio ya Lubumbashi inafika hapa vizuri asubuhi. Jumatatu wanawake walikuwa kisimani na redio yao ndogo. Waliposikia jina, mmoja alipiga yowe kama desturi inavyotaka, kisha wote wakageuka kuangalia nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Alikuwa amesimama mlangoni anapiga mswaki.

Tangu siku ile hakuna anayemwita kwa jina lake. Watu wakimpita wanasema «wewe». Vijana wa kwaya hawaji mazoezini, wazazi wao wanawakataza kuimbishwa na mtu anayetangazwa redioni kuwa marehemu. Edith alimuuliza mbele yangu kama mke wa Lubumbashi yuko hai, maana kumbe yeye alikuwa ameambiwa kwamba wewe ndiye uliyekufa. Anapika, anaweka sahani, anaondoka.

Nilimwambia apande treni. Nilimwambia nitakwenda naye. Alifunga sanduku Jumanne, Jumatano alilifungua. Anasema ana homa. Nilimshika paji la uso, halina moto.

Nakuomba kwa magoti, mimi mzee wa miaka sabini na moja. Ahirisha. Usimpe Plamedie maji hayo. Ni mwanangu yule, ingawa ni mwoga. Akipyanwa hatafika Krismasi, hapa hakuna atakayempa hata moto wa kuwashia jiko. Extrait nyingine nimeshaiandika, iko mezani, imebaki muhuri.

Constantin

---

Lubumbashi, tarehe 9 ya mwezi wa munane 2024

Baba Constantin,

Hakukuya, munajua. Musubiri niwaambie vile ilikuwa, juu bantu balitoka huku na mdomo na kila mumoja ataleta habari kwenu na maneno yake.

Siku ya posho nilimukalisha Élie, nikamwambia yote, nikamuonesha kikaratasi. Alisoma mara mbili. Aliniuliza kama ile maandiko ni ya baba yake kweli. Nikasema ndiyo, ule «u» wake wa kupinda ninaujua. Akasema, «Basi kesho maji nitaipeleka mimi.» Sikumukatalia.

Bantu balijaa. Nilishona vitambaa vya bazee, nilipika, nilikopa viti ku parokia, na Abbé alikuya juu nilimuita. Plamedie alifika wa mwisho, na manukato. Mu 2016, mu kilio ile yote, yeye njo alikuwa anapanga banamama, anagawa chai, na hakutoa machozi hata moja. Ile wakati nilisema, dada huyu iko na moyo wa nguvu.

Mzee alisema maneno yake. Alisema jina imelala chini miaka munane, leo itasimama. Élie akaingia na kopo ya maji, mikono mbili, akapiga goti mbele ya shangazi yake. Akasema, «Tantine, kunywa.»

Plamedie alinyoosha mukono, akarudisha. Mzee akamwambia kunywa, mwanamuke, ukoo unangoja. Alikamata kopo, akaifikisha ku midomo, tukaona maji inamwangikia mu kifua. Bantu balianza kusongana. Élie hakusimama, alibaki na goti chini, anamuangalia. Kisha Plamedie akamurudishia kopo, akakaa chini mu vumbi na nguo yake ya bazin, akalia. Machozi yote ya 2016, alilia ile siku. Bazee ba kwenu balikuwa ba kwanza kuelewa, balisimama, balichukua fimbo zabo, balienda bila kula.

Abbé naye alielewa. Alikuya karibu yangu, akaniuliza polepole kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Alisema, «Mama Germaine, munajua siwezi tena.» Nikamwambia munipe baraka tu, Baba, juu niko nasikia njaa. Tarehe 14 imefutwa. Kuhusu daftari yenu ya ndoa, mimi sikumwambia, lakini aliuliza Chibwesha iko mu diocèse gani. Mutajibu ninyi.

Stanislas alikunja suti yake mu plastiki. Anasema atangoja. Bwanaume banasemaka vile siku ya kwanza, tutaona siku ya mia. Mama yangu hajaniuliza kitu tena asubui, na njo yenye inaniuma kupita yote.

Edith mumwambie sina neno na yeye. Tulilala wote wawili na uwongo mumoja.

Extrait yenye mulisha kuandika muipasue. Kaka yenu Namba 47 mumurudishie mwaka wake, 2006, na munisamehe kama nilimusumbua.

Na mumwambie mwenyewe, baba ya Élie, kitu moja. Kopo iko bado juu ya meza, pale Élie aliiweka. Tangu siku ya Mungu anakataa muntu aimwange, tunakula pembeni yake. Maji inaanza kuingia vumbi. Kama ile jina ni yake, akuye aikunywe.

Germaine